Alikunywa Saa Ngapi? Kutambua Sumu ya Methanoli Katika Chumba cha Dharura



Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwamo Embu na Kiambu. Februari 2024 wakafa wengine wasiopungua 17 huko Kangai, Kirinyaga. Wagonjwa wa namna hii hufika wakinuka pombe, na hapo ndipo penye mtego: mlevi huachwa alale, pombe imtoke. Hoja yangu ni moja. Tusipojua mgonjwa alikunywa saa ngapi, hata vipimo vizuri vitatudanganya.

1. Sumu inavyofanya kazi

Methanoli yenyewe hulevya tu. Ini ndilo huigeuza kuwa formaldehaidi, kisha asidi fomiki, ambayo huzuia seli zisitumie oksijeni. Neva ya jicho huumia mapema. Kazi hiyo ya ini huchukua muda, hivyo dalili hukawia saa 12 hadi 24. Aliyechanganya na ethanoli, yaani pombe ya kawaida, hukawia zaidi, kwa kuwa ini hushughulikia ethanoli kwanza. Mtu anaweza kulala akiwa mzima na kuamka haoni.

2. Dalili

Mgonjwa huona ukungu mweupe, huumwa tumbo, hutapika, kisha huhema kwa kina na kwa haraka. Mlevi wa kawaida hahemi hivyo. Waulize waliomleta: nani mwingine alikunywa naye, na yuko wapi? Wawili wa kilabu kimoja wakilalamikia macho, hiyo ni dharura ya kijiji kizima.

3. Mapengo mawili

Vipimo vya damu hutupa mapengo mawili ya kukokotoa. La kwanza ni pengo la anioni: sodiamu, toa jumla ya kloridi na bikaboneti. Kwa kawaida halizidi 12 hivi. Mwenye sodiamu 140, kloridi 100 na bikaboneti 8 ana pengo la 32, yaani asidi imejaa.

La pili ni pengo la osmolaliti: kiwango kilichopimwa, toa kilichokokotolewa. Ukokotoaji ni sodiamu mara mbili, jumlisha glukosi na urea, zote kwa milimoli kwa lita. Sodiamu 140, glukosi 5 na urea 5 hutoa 290. Mashine ikisoma 340, pengo ni 50, na kuna kitu kigeni ndani ya damu. Kumbuka kwamba ethanoli nayo hulipanua pengo hili.

Sasa rudi kwenye saa. Mapema, methanoli ikiwa bado haijageuzwa, pengo la osmolaliti ni kubwa na la anioni ni la kawaida. Baadaye mambo hugeuka: methanoli imekwisha, asidi imejaa, na pengo la osmolaliti linaweza kurudi chini ya 10. Kwa hiyo pengo dogo la osmolaliti haliondoi shaka. Sukari iliyopanda, figo zilizofeli na maambukizi ya damu pia huleta asidi. Yapimwe, lakini yasitucheleweshe.

4. Tusisubiri maabara kubwa

Kipimo cha uhakika ni kromatografia ya gesi, na hospitali zetu nyingi hazina. Historia na asidi isiyo na sababu nyingine zinatosha kuanza tiba: fomepizoli, au ethanoli pale fomepizoli isipopatikana, ili ini lisiendelee kutengeneza sumu; pamoja na bikaboneti, asidi foliki, na rufaa ya haraka kwa kusafisha damu.

Mapendekezo

Kila fomu ya kupokea mgonjwa aliyekunywa pombe iwe na mistari mitatu: alikunywa saa ngapi, alikunywa na nani, anaonaje. Anayeshukiwa kunywa methanoli asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu tu anatembea vizuri. Na afisa wa afya ya umma apigiwe simu usiku huohuo, maana waliobaki kijijini bado wanaweza kuokolewa.