Mtoto Naye Amefiwa

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitengela na Kajiado)



Kifo kikitokea hapa kwetu, sisi ni hodari. Siku hiyo hiyo kamati inakaa, mweka hazina anafungua daftari, mchango wa jeneza na gari unaanza. Watu wanapanga laini kumpa mjane pole. Sasa niwaulize: ni nani amempa mtoto pole? Mara nyingi ameambiwa akacheze nje. Kule Kitengela, mara nyingine anaachwa na jirani wa ploti, mwili ukipelekwa kuzikwa Kisii au Murang'a. Watu wanarudi, baba harudi, na hakuna aliyemweleza.

Jambo langu leo ni moja. Wale wanaokutana na mtoto kila siku, yaani mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, katekista na chifu, wafundishwe kumsaidia mtoto aliyefiwa. Na nyinyi vikundi ndio mnaoweza kuyadai mafunzo hayo.

Mtu atasema, si moyo mwema unatosha? Hautoshi. Moyo mwema husema, "Mama amesafiri," na mtoto anamngoja kila jioni. Husema, "Mama amelala," na mtoto anaogopa kulala. Husema, "Mungu amemchukua," na mtoto anamkasirikia Mungu. Aliyefundishwa husema wazi na kwa upole: "Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hasikii tena maumivu. Hatarudi. Si makosa yako. Utakaa na shangazi, na utaendelea na shule."

Hilo la makosa ni kubwa. Mtoto mdogo hajaelewa kwamba kifo hakina kurudi. Atauliza swali lile lile mara kumi, nawe umjibu mara kumi. Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kuamini kwamba baba alikufa kwa sababu yeye alikataa kuchunga mbuzi. Kijana mkubwa hunyamaza, anabeba kazi za mzazi, masomo yanaanguka. Mwalimu asiyejua dalili hizi humwita mvivu au mkaidi, na kumwadhibu. Mtoto anaumia mara mbili.

Mafunzo pia yaheshimu mila. Kwa Wamaasai, jina la marehemu halitamkwi ovyo, na mgeni mwenye karatasi zake asije kumlazimisha mtoto alitamke. Mtoto anaweza kusema "baba yangu" bila kutaja jina, au akachora boma na ng'ombe aliyempenda. Na baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, wako watoto ambao baba yuko hai lakini mifugo iliisha na yeye akaenda mjini kutafuta kazi. Huo nao ni msiba wa nyumba.

Tusidhani haya yanahitaji wasomi tu. Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wa chama cha NACWOLA, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wetu ni upi, ulizaliwaje, unapenda nini, nakutakia nini. Kuandika kuliwafungulia mlango wa kuongea na watoto mapema, na kupanga nani atawalea. Kwetu Kenya, sheria inamruhusu mzazi kumteua mlezi kwa wosia au kwa hati. Afanye hivyo akiwa na nguvu, asingoje kitanda cha hospitali.

Kuna kazi tatu ambazo kikundi kinaweza kuanza mwezi huu. Kwanza, kwenye kila kamati ya matanga, mchague mtu mmoja wa watoto, anayeaminika. Kazi yake ni kuwaambia ukweli, kuwauliza kama wanataka kwenda maziko, na kukaa nao hapo. Pili, mtu huyo arudi baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya miezi sita, kwa sababu wageni huondoka lakini huzuni hubaki. Tatu, mwende shuleni, zahanati na parokiani, muombe watu wao wafundishwe pamoja, ili wajue kupelekeana mtoto.

Mtoto asiyekula, anayetaka kujiumiza, anayeozwa au kunyang'anywa mali ya wazazi, msimfiche. Mpelekeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au mpige simu 116. Ni bure, mchana na usiku.

Mkitoka hapa, mjadiliane katika vikundi:

1. Katika matanga ya mwisho kijijini, watoto walikuwa wapi? Nani aliongea nao?
2. Sisi huwaambia watoto nini kuhusu kifo? Je, ni kweli?
3. Ni nani kati yetu watoto humkimbilia wenyewe? Huyo ndiye wa kupelekwa mafunzo kwanza.