SOMO LA REDIO: KUTAFUTA MAHALI PETROLI INAPOVUJA

Toeni madaftari na penseli. Waliochelewa shambani au ziwani wakaribie, wakae, maana sasa tunaanza.

Somo letu la leo ni juu ya gari la zamani linalovuja petroli. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sina gari. Somo hili lanihusu nini?" Lakuhusu, ndugu. Pengine wewe huna gari, lakini wapanda gari la jirani kwenda mnadani. Pengine ndugu yako ni mvuvi wa Mwigobero, na mashua yake ina injini ya petroli. Pengine mwanao anaendesha pikipiki. Petroli ni ile ile, na hatari yake ni ile ile.

Kwanza tujifunze maneno ya leo. Yaandikeni, kila neno katika mstari wake.

Tangi: chombo cha kuwekea petroli katika gari.
Paipu: njia ya kupitia petroli, ya chuma au ya mpira.
Pampu: kifaa kinachovuta petroli kutoka tangini na kuisukuma mbele.
Kabureta: kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kisha mchanganyiko huo ukaingia katika injini.
Mvuke: petroli iliyogeuka kuwa kama hewa. Huuoni, lakini waunusa.

Yatazameni maneno hayo tena. Nimeyapanga kwa makusudi. Petroli hutoka tangini, ikapita katika paipu, ikafika kwenye pampu, ikapita tena katika paipu, ikaingia katika kabureta. Hiyo ndiyo safari yake yote. Mtu aijuaye safari hiyo ataweza kutafuta mahali inapovuja. Asiyeijua atabahatisha, na kubahatisha hula fedha.

Sasa sikilizeni juu ya hatari, kabla hatujagusa gari.

Petroli yenyewe si kitu kinachowaka kwanza. Kinachowaka ni mvuke wake. Dizeli na mafuta ya taa hazitoi mvuke mwingi mpaka zipate joto. Petroli si hivyo. Hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Basi fikirini jua letu la Mara litafanya nini! Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Hushuka chini, ukatambaa ardhini, ukajaa mashimoni. Jiko la mkaa lililo mbali kidogo na gari laweza kuuwasha, na moto ukarudi mpaka kwenye gari.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu wengi walikimbilia kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ndugu zangu, lile lilikuwa lori zima, na gari lako lina petroli kidogo. Lakini mvuke uliowaka Msamvu ndio mvuke unaoinuka chini ya kiti chako.

Kwa hiyo andikeni amri hizi tano.

Moja: Litoe gari nje, mahali penye upepo, mbali na jiko, taa ya utambi na sigara.
Mbili: Acha injini ipoe kabisa. Kisha fungua waya wa betri, ule wa upande wa kutoa.
Tatu: Usitumie kiberiti kumulika. Tumia tochi, nawe uiwashe kabla hujalisogelea gari.
Nne: Weka karibu kizima moto au ndoo ya mchanga. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu ya maji, na moto utasambaa.
Tano: Usivute petroli kwa mdomo na mpira. Ikiingia katika mapafu yaweza kuua. Mtu aliyeimeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja.

Sasa twende kwenye gari. Tuchukue Land Rover ya zamani, maana wengi wenu mnaijua. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Hata zile za aina ya tatu ziliisha kutengenezwa mwaka 1985. Kwa hiyo Land Rover hiyo, hata ikiwa changa kuliko wenzake, ni mzee sasa. Chuma chake huenda bado ni kizuri. Lakini mpira huzeeka upesi kuliko chuma. Hukauka kwa jua na joto la injini, ukafanya nyufa.

Tuseme mzee mmoja wa Butiama ana Land Rover fupi kama hiyo. Katika nyingi za namna hiyo tangi liko chini ya kiti cha mbele cha kulia. Mzee huyu ametoka Bunda na mzigo wa mtama. Amefika nyumbani, amesimamisha gari mlimani, pua ikitazama juu. Akishuka anasikia harufu. Anainama, anaona matone chini ya kiti chake. Anasema, "Tangi limetoboka." Kesho yake anatafuta tangi jingine, analinunua, analifunga. Anakwenda Musoma, anarudi, anasimama pale pale. Matone yapo.

Kosa lilikuwa wapi? Mzee alitazama mahali tone linapoanguka. Hakutafuta mahali linapotoka. Hayo ni mambo mawili. Petroli inayovuja mbele, karibu na injini, huangukia ule mhimili mrefu wa chuma ambao mafundi huuita chesesi. Gari likisimama mlimani, petroli hurudi nyuma juu ya chuma hicho, kama maji ya mvua juu ya boriti la paa. Hudondoka mbali na tundu lake. Nawe nyumbani kwako wajua: paa likivuja, maji hayaanguki kila mara chini ya tundu lenyewe.

Basi tufanyeje? Kabla ya kushika spana, jiulize swali moja: Gari linavuja wakati gani?

Kama linavuja hata likiwa limelala usiku, litazame tangi na paipu iliyo chini ya tangi. Kama linavuja siku ulipojaza pomoni tu, tazama sehemu ya juu: kifuniko, shingo ya tangi na mpira wake. Kama linavuja injini inapofanya kazi, kisha likaacha, tazama kuanzia pampu kwenda mbele. Sababu ni hii. Pampu ikifanya kazi, paipu ya nyuma yake hunyonywa, na paipu ya mbele yake husukumwa. Tundu katika paipu inayosukumwa hurusha petroli nje. Tundu katika paipu inayonyonywa huingiza hewa, na injini hukohoa au hukataa kuwaka asubuhi.

Jinsi ya kujua kama tangi ni zima ni rahisi, wala haina gharama. Jioni, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa, chukua kijiti kirefu, kikavu, kisafi. Kitumbukize tangini mpaka chini. Kitoe, ukitie alama upesi pale unyevu ulipofika. Asubuhi, kabla gari halijasogezwa, pima tena. Alama zikilingana, tangi halikuvuja usiku ule. Mzee wetu angefanya hivyo asingelinunua tangi. Matone yake yalikuwako alipotoka safari tu. Usiku palikuwa pakavu.

Baada ya hapo, kausha. Futa paipu, pampu na chini ya kabureta kwa kitambaa kisafi mpaka pakauke. Katika gari lililolowa huwezi kuona kitu. Kisha paka unga wa chaki penye viungo vyote. Chaki ikilowa hubadili rangi, nawe utajua. Angalia pia alama za zamani. Petroli ikivuja siku nyingi huosha vumbi na kuacha njia safi, au huacha doa la rangi ya kahawia. Vumbi la barabara zetu ni adui wa injini, lakini leo ni shahidi wako.

Sasa fanya petroli itembee bila kuwasha injini. Pampu nyingi za Land Rover za zamani zina kishikizo kidogo cha kupampu kwa mkono. Kipandishe na kukishusha mara kadhaa. Kikiwa kilegevu, hakina nguvu, zungusha injini kidogo kwa hendeli, kisha jaribu tena. Mwenzako aangalie chaki, akianzia kwenye pampu na kuendelea mpaka kwenye kabureta. Fuateni njia kiungo kwa kiungo, wala msiruke hata kimoja. Kiungo kilicholowa ambacho kabla yake ni pakavu, hapo ndipo petroli inapotoka.

Katika gari la mzee wetu, tuseme chaki ililowa kwenye kipande cha mpira kati ya pampu na kabureta. Mtu alikifunga kwa waya mahali pa klipu, na waya ukaukata mpira. Kipande kifupi cha mpira! Naye amekwisha kununua tangi zima. Basi mpira ubadilishwe, uwekwe ule uliotengenezwa kwa petroli. Mpira wa maji haufai. Petroli huulainisha na kuuharibu. Tena ufungwe kwa klipu.

Lakini si kila gari litakuwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo tazameni mengine matatu.

La kwanza ni pampu yenyewe. Ndani yake mna kiwambo, ngozi nyembamba inayopanda na kushuka kama ngozi ya ngoma. Kiwambo kikipasuka, petroli hutoka katika tundu dogo la ubavu wa pampu. Pengine haitoki nje kabisa, bali huingia katika oili ya injini. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili imeongezeka bila wewe kuiongeza, na inanuka petroli, usiwashe injini hiyo. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, na vyuma vitasagana. Badili kiwambo, kisha badili oili.

La pili ni kabureta. Ndani yake mna boya linaloelea juu ya petroli, kama maboya ya nyavu ziwani. Petroli ikifika kimo chake, boya hupanda na kusukuma sindano, sindano ikafunga mlango. Uchafu ukiziba pale, mlango haufungi, na petroli hufurika. Vilevile boya likitoboka huzama. Litoe ulitikise karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, halifai.

La tatu ni tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, na kutu huanzia hapo. Tundu dogo likitokea njiani, wazee wa udereva hulisugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na sabuni huziba. Hiyo ni dawa ya dharura, ya kuzuia matone wakati petroli inapotolewa tangini. Si matengenezo. Wala usikubali mtu alichome tangi kwa moto wa kulehemu kwa sababu ni tupu. Tangi tupu la petroli limejaa mvuke. Hulipuka kama bomu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kuliosha na kuutoa mvuke kwanza.

Ukimaliza kutengeneza, kausha tena, paka chaki tena, pampu tena kwa mkono. Pakiwa pakavu, ndipo urudishe waya wa betri na kuwasha injini.

Sasa hesabu. Tuseme gari lilikuwa likienda kilomita 6 kwa lita moja. Safari ya kilomita 120 ilitaka lita 20. Siku hizi safari ile ile inakula lita 30. Zimepotea lita ngapi? Lita 10. Zidisheni kwa bei ya lita moja mahali penu, mwandike jibu. Zipo sababu nyingine za gari kula petroli nyingi, lakini daftari limekwisha kukuambia kwamba kuna jambo. Kila ujazapo, andika tarehe, kilomita na lita. Mtu ajuaye kusoma na kuandika ana kipimo ambacho mwenzake hana. Harufu husahauliwa, lakini hesabu iliyoandikwa haisahauliki.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mvuke wa petroli ni hatari hata mbali na gari?
2. Gari linavuja usiku likiwa limelala. Utaanza kutazama wapi?
3. Kwa nini mzee wa Butiama alinunua tangi bure?
4. Oili ya injini imeongezeka yenyewe nayo inanuka petroli. Kimeharibika nini?
5. Andika sentensi tatu za kumwonya mvuvi anayevuta sigara karibu na dumu la petroli.

Swali la tano lisomeni kwa sauti, kila mtu na sentensi zake. Kisha mwenye ndugu mvuvi ampelekee.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.