Simu Iwe Daftari la Duka

(Mazungumzo na vijana baada ya futari, Lanet, Nakuru)



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioketi nasi. Nimeambiwa niwazungumzie teknolojia na biashara ndogo. Najua wengine mkisikia teknolojia mnafikiria kompyuta kubwa na ofisi za mjini. Mimi nitaanzia hapa hapa kwetu.

Wakubwa mnamkumbuka chifu wa Lanet Umoja, marehemu Francis Kariuki, aliyefariki mwaka 2015. Mwaka 2012 habari zake zilifika hadi ng'ambo kwa sababu alikuwa akiandika ujumbe mfupi kwenye Twitter: wezi wameingia boma fulani, kondoo wa fulani amepotea, amkeni. Wengi hawakuwa na simu za intaneti, lakini ujumbe uliwafikia kama SMS hata kwenye simu za mulika mwizi. Wezi wakakimbizwa, kondoo akapatikana. Chifu hakununua mtambo wowote. Alitoa simu mfukoni akaandika jambo kwa wakati wake, basi.

Sasa sisi wenye maduka, vibanda na meza za mboga, simu tunaandikia nini? M-Pesa ilianza hapa Kenya Machi 2007, na leo hata muuza sukuma wiki analipwa kwa simu. Kupokea tumejua. Kuandika bado.

Mama yangu ana duka dogo: unga, sukari, mafuta ya kupima, na mwezi huu tende na tambi. Kwa miaka mingi pesa ya duka, karo yetu na michango ya harusi vyote viliingia laini moja. Ramadhan moja ikakaribia, wakati wa kununua bidhaa kwa bei ya jumla, mama akakuta hana kitu. Akaniuliza, "Mwanangu, duka linauza kila siku, pesa inaenda wapi?"

Mimi ndiye msomi wa nyumba, nikanyamaza. Sikujua.

Tukachukua taarifa ya simu yake ya miezi mitatu, tukakaa nayo usiku baada ya taraweh, mstari kwa mstari. Tukaona mambo mawili. La kwanza, mikopo midogo ya simu. Mia tano leo, mia tatu kesho, na kila mteja alipolipa, pesa ilikatwa kabla mama hajaiona. Juu yake ada, na ada inayoongezeka kwa kuchelewa mnajua wenyewe madrasa ilitufundisha inaitwaje. La pili lilikuwa madeni ya wateja. Mengine yalikuwa kwenye daftari lililolowa mafuta, mengine kichwani mwake tu.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni. Tunaisoma kila Ramadhan. Inatuamuru tuandike, tuweke mashahidi, wala tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Mimi niliihifadhi nikiwa mtoto, na duka la mama yangu halikuwa na maandishi!

Basi tulifanya hivi. Laini ya duka ikatengwa na laini ya nyumbani. Kwenye simu nikatengeneza jedwali lenye safu nne tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na tunayemdai. Kila jioni dakika kumi. Mwisho wa mwezi tunaomba taarifa kupitia *334# tunalinganisha. Mteja akionyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba amelipa, mama hatazami simu ya mteja, anatazama yake, maana ujumbe wa uongo siku hizi unatengenezwa na mtoto wa shule. Na kaimati anazokaanga jioni, watu wanaagiza kwa WhatsApp kabla ya alasiri, kwa hiyo anajua akande unga kiasi gani. Zamani zilibaki tukala sisi hadi daku.

Faida nyingine ni zaka. Mali ya biashara huhesabiwa kwa bei yake ya sasa pamoja na pesa iliyopo, na ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na kuzungukiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Bila maandishi, tulikuwa tunakisia tu. Tena kisio la mwenye mali huwa dogo siku zote.

Kuhusu mikopo, njia zipo. Mwaka 2022 Safaricom na Gulf African Bank walianzisha Halal Pesa, inayofuata murabaha, yaani biashara ya faida inayojulikana tangu mwanzo. Soma masharti, muulize sheikh wako, ndipo ubonyeze.

Lakini nina kosa langu ambalo lazima niwaambie. Jedwali lilipokamilika niliona raha sana, nikachukua majina ya wanaodaiwa pamoja na kiasi chao, nikayatuma kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Nilidhani ni ujanja. Wawili walilipa siku ile ile. Mzee mmoja jirani, mtu wa safu ya kwanza msikitini, hakulipa, na hakupita tena mbele ya duka. Alikuwa akizunguka njia ya nyuma kwenda kuswali.

Mama alipojua hakupiga kelele. Alisema, "Deni lake lilikuwa langu na lake. Wewe umeliuza." Kisha akanikumbusha aya ya 280, ya sura ile ile: mwenye dhiki apewe muda mpaka atakapopata wepesi. Mimi niliisoma 282 nikairuka 280.

Jioni ile alinipa pakiti ya tende, tukaenda wote wawili kwa mzee. Niliomba radhi mbele ya wajukuu zake. Alizipokea tende, akasema atalipa kidogo kidogo, na akaniomba kitu kimoja: nimwonyeshe kwenye simu mahali jina lake lilipoandikwa, ahakikishe kiasi ni sawa.

Hakikuwa sawa. Nilikuwa nimemzidishia shilingi mia mbili.