Mirambo wa Daftarini

 

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Geita, binti wa mchimbaji mdogo aliniuliza mtemi Mirambo alipigana na Wajerumani mwaka gani. Nikaandika ubaoni: 1892. Darasa zima likanakili.

Usiku, chemli ikinifukizia moshi, nikafungua kitabu. Mirambo alifariki Desemba 1884, Mjerumani Carl Peters akiwa bado Usagara anakusanya mikataba. Aliyepambana na Wajerumani Tabora ni mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti mwaka 1893. Na Unyanyembe ndiyo hiyo hiyo Mirambo aliyoipiga vita miaka nenda rudi!

Sikukusudia kudanganya. Nilirithi Mirambo aliyekwisha kushonewa nguo mpya. Taifa changa lilitaka mashujaa, na mtemi aliyeunganisha nchi kwa mkuki alilifaa. Leo Tabora ina kambi ya jeshi yenye jina lake. Waliokatwa na rugaruga, askari wake, hawana hata uchochoro.

Wenzetu nao wameshona. Mshairi Myahudi Yehuda Halevi aliiacha Hispania mwaka 1140 akielekea Yerusalemu, amesukumwa na ibada. Miaka mia nane baadaye Wazayuni, waliokuwa wakidai dola, walimsoma kama mtangulizi wao. Tel Aviv kuna mtaa wa jina lake. Hamu yake ilikuwa ya kweli; dola waliiongeza wao.

Na sisi tunaojiita Wasukuma? Sukuma ni kaskazini tu, kama dakama ilivyo kusini. Watu wa kusini ndio waliotuita hivyo, wakati kila mmoja wetu alijitambulisha kwa mtemi wake. Miaka ya 1940 Waingereza wakawaweka watemi wetu katika shirikisho moja, makao Malya. Mwaka 1963 serikali yetu wenyewe ikaufuta utemi. Jina la upande wa dira likabaki kabila, tena kubwa kuliko yote nchini. Mimi nalipenda, na ngoma zake nacheza, magoti yakiruhusu.

Kesho yake, baada ya kukisoma kile kitabu, nilirudi darasani nikakiri kosa. Yule binti akashika kifutio: “Mwalimu, nifute?”

Nikamwambia asifute. Apige mstari mmoja juu ya 1892, namba iendelee kusomeka, kisha pembeni aandike tarehe ya siku ile na jina langu.