Kukaza Nati za Magurudumu ya Motokaa

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo ambacho watu wengi hukipita bila kukitazama, nacho ni nati za gurudumu. Nasema hasa habari za ile motokaa ndogo ya mizigo iitwayo pikapu, kwa kuwa ndiyo inayowachukua watu wengi wa vijijini pamoja na mazao yao. Fikirini pikapu inayotelemka kutoka Lushoto kwenda Mombo, imejaa magunia ya viazi na kabichi, na juu ya magunia wameketi watu (jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo). Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Gurudumu likichomoka katika njia ile, dereva hana la kufanya. Nalo gurudumu lenyewe hubingirika peke yake, na likimkuta mtu kando ya barabara laweza kumwua.

Je, gurudumu hushikwa na nini? Wengi hudhani kwamba limetundikwa juu ya parafujo zake kama kanzu juu ya msumari. Sivyo. Nati inapokazwa huivuta parafujo, nayo hurefuka kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho. Kwa kuwa chuma hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, huivuta rimu na kuibana juu ya habu. Mbano huo ndio unaochukua mzigo. Nati zikilegea, rimu huanza kucheza huku na huku, na kila mzunguko huzipinda parafujo kidogo, kama mtu akunjaye na kukunjua waya mpaka ukakatika.

Basi mtu atasema, “Nitakaza kwa nguvu zangu zote!” Hapo pana hatari ya pili. Parafujo iliyovutwa kupita kiasi hairudi tena katika urefu wake. Hubaki imechoka, na siku moja hukatika bila kutoa habari. Tena nguvu ikizidi, au ikiwa nati moja imekazwa sana na jirani yake kidogo, diski ya breki huweza kupindika, breki zikatetemeka.

Mafundi hupima nguvu ya kukaza kwa Nyutoni-mita. Kipimo cha 100 ni karibu sawa na uzito wa debe moja la maji, yaani kilo 20, ukining’inia mwisho wa spana yenye urefu wa nusu mita. Spana ikiwa fupi, ya robo mita, yatakiwa madebe mawili. Sasa mtazameni utingo wa kilo 70 anaposimama juu ya mwisho wa spana ile ya nusu mita: hutoa nguvu ya karibu 340. Akitia bomba kuirefusha spana, na kurukaruka juu yake, hakuna ajuaye amefika wapi. Pikapu nyingine huandikiwa 100 na kidogo, nyingine hufika karibu 200. Hata pikapu ile ile yaweza kuwa na kipimo kimoja kwa rimu za chuma na kingine kwa rimu za aluminiamu. Kitabu cha motokaa ndicho kisemacho kweli. Zipo spana za kipimo, ambazo hulia “ka!” nguvu iliyowekwa ikitimia, na fundi wa magurudumu asiye nayo ni kama mwuza sukari asiye na mizani.

Kabla ya kuinua gari, liegeshe mahali pa sawa, penye udongo mgumu, uvute breki ya mkono, na kutia mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Breki ya mkono peke yake haitoshi, maana katika pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma tu, na pengine moja la hayo ndilo utakaloliinua. Legeza nati kidogo gurudumu likingali chini, kisha ndipo upige jeki. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki, hata kwa kuokota nati.

Futa habu na uso wa rimu, uondoe matope, kutu, na rangi mpya iliyo nene. Uchafu ulio katikati husagika njiani, mbano ukapungua. Wala usipake mafuta katika hesi za parafujo, ila kitabu kikiagiza. Nati yenye mafuta huzunguka kwa wepesi, ukadhani hujafika, kumbe umepita.

Anza nati zote kwa vidole. Ikiwa upande mmoja wa nati ni mchongoko, huo ndio uingiao katika tundu la rimu. Kisha kaza kidogo kwa spana: ya juu, halafu ya chini iliyoelekeana nayo, na hivyo hivyo kwa kuvuka. Penye nati tano, ruka moja kila mara mpaka zote zimekwisha. Ukizifuata kwa mzunguko, rimu huweza kukaa kombo. Shusha gari, ndipo ukaze kwa kipimo kamili kwa utaratibu ule ule.

Kazi haijaisha. Gurudumu lililofungwa upya hujikalia vema njiani, na mbano hupungua. Kwa hiyo nati hupimwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Aliyebadili gurudumu Lushoto asimame Mombo, angoje magurudumu yapoe baada ya breki za mteremko, azipime, na baadaye azipime tena. Njiani asikilize mlio wa kugonga gari liendapo polepole, na atazame kama pana michirizi ya kutu itokayo penye nati, au chuma kilichong’aa kando yake. Akiona hayo asiendelee.

Na kabla ya kuondoka, utingo ayatoe barabarani mawe aliyoyatumia, pamoja na matawi aliyoweka kuwaonya wenye magari, maana usiku yuko mwingine ajaye.