Mkojo Wasema Nini? Mazungumzo juu ya Kichocho na Saratani ya Kibofu



Mtu aliyezaliwa Mbita, au Rusinga, au Mfangano, amezaliwa na ziwa mlangoni pake. Humo huvuliwa mbuta na omena, humo hufuliwa nguo, na mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kusoma. Lakini kandokando ya maji, penye majani, huishi konokono wadogo, na miilini mwao hutoka vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi kwa dakika chache, bila maumivu ya kumshtua mtu. Huo ndio mwanzo wa kichocho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa shule waliopimwa Mbita na katika visiwa vya jirani walikuwa nao.

Yafaa jambo moja lielezwe mapema, maana hata watu waliosoma hulichanganya. Kichocho katika nchi ya Kenya ni cha namna mbili. Kile cha ziwani, ambacho ndicho kikubwa pale Mbita, minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo. Mayai yake hutoka kwa choo kikubwa, na madhara yake huliangukia ini. Cha pili ni kichocho cha mkojo. Hiki chapatikana zaidi mbali na ufuko, katika mabwawa na vidimbwi vya bara ya Nyanza, na katika nchi ya Pwani kama vile Kwale na Tana. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya kibofu, na hiki ndicho kinachohusiana na saratani.

Mnyoo wa kike hutaga mayai kila siku kwa miaka mingi. Yai linalokosa njia ya kutoka hubaki katika nyama ya kibofu, nalo lina mwiba nchani. Mwili hulizingira kama unavyozingira mwiba wowote, pakafanyika uvimbe, kisha kovu, hata ukuta wa kibofu ukakakamaa. Nyama ikijeruhiwa na kupona, ikajeruhiwa tena na kupona tena, kwa miaka ishirini au thelathini, mwisho yaweza kukosea katika kujijenga upya. Kosa hilo likiota mizizi ndiyo saratani.

Habari hizi si ngeni. Mnyoo wenyewe uligunduliwa Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mwaka 1911, katika mji huo huo, daktari Ferguson aliandika juu ya wagonjwa wa Misri ambao saratani ya kibofu na kichocho vilikutana ndani yao. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1994 ndipo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon katika Ufaransa, lilipotamka wazi kwamba mnyoo huo husababisha saratani kwa binadamu.

Shida kubwa ni kuchelewa. Katika sehemu nyingi za Afrika mkojo mwekundu wa mvulana ulidhaniwa kuwa dalili ya kubalehe tu. Damu hukoma, mtu husahau, akaoa na kuzaa. Inaporudi akiwa mtu mzima, mara nyingi saratani imekwisha kupenya ndani sana. Tena kuichungulia kibofu kwa kifaa chenye taa kinachopitishwa katika njia ya mkojo ni kazi ya hospitali kubwa, si ya zahanati ya ufukoni.

Kwa sababu hiyo wataalamu wameugeukia mkojo wenyewe. Ndani yake zimo protini, yaani vile vitu ambavyo mwili hujengwa kwavyo, na kila kiungo kinachougua hudondosha protini zake. Mashine za siku hizi zaweza kuzipima na kuzitambua mamia kwa mara moja. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa mikojo ya watu wa Eggua, katika jimbo la Ogun nchini Nigeria: wenye kichocho, wenye kibofu kilichoharibika, na wazima walilinganishwa, ili zijulikane protini zinazopanda au kushuka kadiri ugonjwa unavyoendelea.

Njia hiyo ina matumaini, lakini asije mtu akadhani kwamba kipimo kimekwisha patikana. Marekani ilivikubali vipimo vya namna hii katika miaka ya 1990, navyo hudanganywa na damu na uvimbe. Na kibofu chenye kichocho kimejaa nini, kama si damu na uvimbe? Kutenganisha kelele ya jeraha na sauti ya saratani ndiyo kazi yenyewe. Zaidi ya hayo, mkojo usipowekwa baridini upesi protini huoza, na barafu si kitu cha kupatikana kila kijiji.

Huko Mbita mkojo umekwisha kuanza kusema, ijapokuwa juu ya namna ile nyingine. Kuna kikaratasi ambacho hutiwa tone la mkojo, na baada ya dakika ishirini mstari huonyesha kwamba mnyoo wa matumbo umo, kwa kuwa taka anazotapika mnyoo huingia katika damu na kuchujwa na mafigo. Kwa kichocho cha mkojo kikaratasi hicho hakifai sana. Hapo hutafutwa mayai kwa hadubini, na mkojo hutakiwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati yanapotoka kwa wingi.

Dawa ya prazikwanteli, ambayo watoto hupewa shuleni kwa kupimwa urefu, huua minyoo ya namna zote mbili. Haifuti kovu la zamani. Kwa hiyo mvuvi mtu mzima aonaye damu katika mkojo wake, hata kama amekwisha kumeza dawa, yampasa aende hospitali, na amweleze daktari ni maji gani aliyoogelea utotoni, si yale anayovua leo tu.