Paka wa Leonardo

Katika Kasri la Windsor, Uingereza, imehifadhiwa karatasi moja ya Leonardo da Vinci iliyojaa paka. Mmoja amejikunja usingizini, wawili wanakabana, mwingine ananyata, mwingine anajilamba. Ukiendelea kuangalia utakutana na simba, halafu, bila hodi, joka dogo lililojipinda mgongo vilevile kama paka. Leonardo hakuwa akitafuta paka mzuri wa kutundika ukutani. Alitaka kujua uti wa mgongo unapindaje. Akishajua, hata mnyama asiyekuwepo duniani atamchora naye akaaminika.

Kurasa za madaftari yake zilizosalia ni kama 7,000. Aliandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zimegeuzwa. Wengi hudai alikuwa anaficha siri, ila mimi naona sababu ni nyepesi zaidi: alikuwa mtu wa mashoto, na kuandika hivyo kulimwepusha kuchafua wino kwa kiganja. Nywele za wanawake na maji yanayozunguka alivichora kwa misokoto ileile, maana aliona vinafuata mwendo mmoja.

Alikuwa pia na orodha za mambo ya kufanya. Mahali fulani alijikumbusha kumuuliza mfanyabiashara mmoja jinsi watu wa Flanders wanavyotembea juu ya barafu. Mahali pengine alijiagiza aeleze ulimi wa kigogota. Mchoraji na ulimi wa kigogota wapi na wapi? Lakini kwake kuchora kulikuwa ndiko kuuliza. Mzee aliyedai kupita miaka 100 alipofariki kwa utulivu katika hospitali ya Santa Maria Nuova, Florence, katika majira ya baridi ya 1507 na 1508, Leonardo alimpasua ili aone kilichomuua. Akakuta mishipa ya damu imekauka na kusinyaa, akaichora.

Udadisi huo ulikuwa na gharama, na waliolipa ni wateja. Mwaka 1481 watawa wa karibu na Florence walimwagiza picha kubwa ya altare. Yeye akaenda zake Milan, akawaachia rasimu ya rangi ya kahawia. Hata madaftari yenyewe hakuyachapisha. Alipofariki Ufaransa mwaka 1519, yalibaki kwa mwanafunzi wake Francesco Melzi, na sehemu kubwa ya michoro ya mwili haikuchapishwa mpaka mwishoni mwa karne ya 19, wakati madaktari walikwisha kuyagundua mengi ya hayo wenyewe, bila yeye.